Kabla Hatujamwita Fundi

Kila Ramadhani inapokaribia, katika nyumba nyingi za Waislamu huanza mazungumzo ya namna moja. Rangi ya sebuleni imechakaa. Mapazia yamepauka. Jirani ameweka dari ya jipsamu yenye taa za pembeni, na wageni wa Idd wataiona. Baba hupiga hesabu zake kimya kimya, mama wa nyumba huutazama ukuta wa jikoni na kuguna, na vijana hutoa picha katika simu zao wakisema, "Tufanye kama hivi." Punde fundi huitwa, mchanga humwagwa mbele ya baraza, na kazi huanza kabla wenye nyumba hawajaulizana wanahitaji nini.

Nasi mwaka huu tulikuwa katika hali hiyo hiyo. Nyumba yetu iko Tanga. Ni nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji na paa la bati, yenye vyumba vinne, sebule na ua wa nyuma. Choo na bafu viko huko uani, kama ilivyo katika nyumba nyingi za rika lake. Kwa muda wa mwaka mzima tulikuwa tumejiwekea akiba ya shilingi 2,800,000, baadhi yake kutoka katika kibubu na baadhi kutoka katika zamu yetu ya upatu. Sote tuliokuwa na kauli tulikwisha kukubaliana juu ya matumizi yake: dari ya jipsamu sebuleni, marumaru za kung'aa, na rangi.

Aliyeyageuza makubaliano hayo ni mama yetu, na wala hakukusudia. Usiku mmoja baada ya chakula tulimpelekea maji ya kunywa, akayakataa. Usiku wa pili akayakataa tena. Tulipomdadisi alijibu kwa sauti ya mtu asiyependa kusumbua watu: "Mimi siku hizi sinywi maji baada ya magharibi, wanangu. Nikinywa nitaamka usiku, na huko uani kuna kiza na sakafu inateleza." Alinyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba mwezi uliotangulia aliteleza alipokuwa akienda kutawadha kwa ajili ya alfajiri, akajishika katika kamba ya kuanikia nguo, na Mwenyezi Mungu akamstiri.

Mama amevuka miaka 70. Kwa miezi kadhaa alikuwa akilala na kiu ndani ya nyumba ya watoto wake, ilhali watoto wake wanachagua taa za dari. Hatukuwa tumemnyima chochote. Tulikuwa hatujamuuliza. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, tumeona tulizungumze jambo hili la ukarabati mdogo wa nyumba, na hasa zile siku chache za mwanzo kabla fundi hajaitwa, kwani aghalabu ndizo zinazoamua kama fedha zitakuwa na manufaa au zitapotea.

Itembelee nyumba yako nyakati tano

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuitazama nyumba kwa jicho la mgeni. Mgeni huingia kwa mlango wa mbele, hukaa sebuleni saa moja, huondoka. Mwenyeji huijua nyumba kwa miguu yake, tena gizani. Basi tulichukua daftari, na kwa siku moja tukaizunguka nyumba kila ulipofika wakati wa swala, tukiandika tulichokiona.

Wakati wa alfajiri tulijiuliza: nani huamka wa kwanza, hupita wapi, na swichi ya taa iko wapi? Tuligundua kwamba kutoka chumba cha mama hadi mahali pa kutawadhia ni hatua 19, zikiwemo ngazi mbili zisizo na pa kushika.

Wakati wa adhuhuri tulisimama jikoni. Joto lilikuwa kali na dirisha moja halifunguki, kwa kuwa bawaba zake zimeshikwa na kutu. Wanaotupikia kila siku walikuwa wamelizoea kiasi cha kutolitaja tena.

Alasiri tuliwafuata watoto. Tukakuta waya ulio wazi karibu na pampu ya maji, mahali wanapochezea.

Magharibi ni wakati ambao nyumba nzima hutaka kutawadha kwa mara moja, na sisi tuna koki moja. Mkubwa hutangulia, mdogo husubiri, na mara nyingi anayesubiri hukosa rakaa ya kwanza.

Baada ya isha, tulipokuwa na wageni barazani, tuliangalia kama mabinti wanaweza kutoka chumbani mwao kwenda bafuni bila kupita mbele za watu. Surat An-Nur, katika aya ya 58, imezitaja nyakati tatu za faragha ndani ya nyumba, nazo ni kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri na baada ya isha. Mpangilio wa nyumba unaweza kuirahisisha adabu hiyo au kuifanya iwe mtihani wa kila siku.

Mwisho wa siku daftari lilikuwa na mambo 11. Tukakaa kikao, na safari hii tukawaita wote, hata watoto. Binti yetu wa miaka 13 alitaja jambo moja tu: komeo la bafuni limekufa tangu mwaka jana, na yeye huoga huku ameuegemea mlango. Hakuna aliyekuwa akilijua hilo. Komeo jipya tulilinunua kesho yake asubuhi, kwa fedha isiyofika nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Mafungu matatu

Mambo yote tuliyoyaandika tuliyagawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yanayoweza kumuumiza mtu au kumvunjia stara: sakafu inayoteleza, waya ulio wazi, ngazi zisizo na mshikio, mlango usiofungwa. Fungu la pili ni yale yanayoila nyumba yenyewe: paa linalovuja, bomba linalochirizika, ukuta unaopanda unyevu. Fungu la tatu ni yale yanayopendeza macho. Kisha tukaapizana kwamba hatutagusa fungu la tatu kabla ya kumaliza la kwanza na la pili.

Hatusemi kwamba kupamba nyumba ni kosa. Nyumba safi na ya kupendeza ni neema, na kumkirimu mgeni ni katika adabu zetu. Tunachosema ni utaratibu. Rangi ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu itatoka mabaka katika masika ya kwanza, nasi tunalisema hili kwa kulionja. Miaka miwili iliyopita tulipaka rangi chumba kizima kabla ya kuziba tundu la bati lililokuwa juu yake. Mvua zilipoanza, rangi ilivimba kama maandazi. Tulipomwita fundi aliyetufanyia kazi, alijibu kwamba mapatano yalikuwa ya rangi, si ya paa. Na kweli, hatukuwa na karatasi ya kuonyesha vinginevyo.

Dari ya jipsamu iliangukia fungu la tatu. Vijana walinuna kwa siku mbili. Hatukuifuta, tuliisogeza mbele.

Choo kidogo, hesabu nyingi

Kazi tuliyoamua kuifanya ilikuwa choo na bafu dogo la mama, la mita 1.5 kwa 2.2, lililoegemezwa katika ukuta wa nje wa chumba chake, na mlango ukifunguka kutoka humo chumbani. Ni kazi ndogo, lakini ilitufundisha kwamba kazi ndogo haina hesabu ndogo. Tunayataja hapa tuliyojifunza, huenda yakamfaa mwingine.

Kwanza ni kibali na jirani. Kuongeza chumba, hata kiwe kidogo, ni ujenzi, na ujenzi unahitaji kibali cha halmashauri. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, uulize utaratibu kabla ya kununua tofali la kwanza. Kisha mwendee jirani. Mweleze kazi itachukua siku ngapi, mchanga utamwagwa wapi, na maji ya paa jipya yataangukia upande gani. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia vumbi, na asiyeambiwa hulikumbuka vumbi hilo hadi Idd.

Pili ni maji taka. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huanza na marumaru na kumalizia na bomba. Bomba la choo la inchi 4 linatakiwa kushuka takriban sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Kutoka choo chetu hadi chemba ya zamani ni mita 6, hivyo bomba lazima lishuke sentimita 15. Maana yake ni kwamba kina cha chemba ndicho kinachoamua urefu wa sakafu ya choo. Pima hapo kwanza. Aidha, ikiwa unachimba shimo jipya na una kisima, wataalamu hushauri viachane kwa umbali usiopungua mita 30.

Tatu ni kibla. Kwa sisi wa Tanga, kibla ni karibu kaskazini kabisa. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mtu kuelekea kibla au kukipa mgongo anapokidhi haja ndani ya jengo, lakini katika hatua ya kupanga, kukiepuka hakugharimu hata shilingi. Tuliuelekeza ubao wa choo mashariki na magharibi. Ungekwisha kujengwa, kuugeuza kungekuwa kubomoa.

Nne ni mwili wa mwenye kukitumia. Milango mingi ya vyoo hufanywa myembamba. Sisi tuliacha nafasi ya sentimita 90, kwani anayetembea kwa mkongojo leo huenda kesho akahitaji kiti cha magurudumu. Hatukuweka kizingiti. Sakafu tuliiwekea marumaru zenye mkwaruzo, si za kung'aa. Ukutani tulifunga mshikio wa chuma, na urefu wake tuliupata kwa kumwomba mama asimame, aushike ukuta mahali mkono wake unapofika bila kuinama, nasi tukapiga alama kwa chaki. Koki ya kutawadhia tuliishusha ili aweze kutawadha akiwa ameketi juu ya kigoda. Swichi ya taa tuliiweka nje ya bafu, karibu na kitanda chake, ili nuru itangulie mguu.

Tano ni subira. Jamvi la zege linapomwagwa, limwagiwe maji kila siku kwa muda usiopungua siku saba. Zege hukomaa kwa unyevu, na huchukua siku 28 hivi kufikia nguvu yake. Kabla marumaru hazijapandwa, mwaga ndoo nzima ya maji sakafuni na utazame yanakwenda wapi. Sisi tulipomwaga, yalikimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu. Fundi wetu, Mungu amlipe kheri, hakubishana. Aliikwangua sakafu akaipiga upya siku hiyo hiyo, kwa kuwa bado ilikuwa rahisi.

Sita ni majira. Tulichagua kaskazi, baina ya vuli kumalizika na masika kuanza, ili tusifungue ukuta wakati wa mvua. Choo cha uani hatukukigusa mpaka kipya kilipoanza kufanya kazi. Familia zinazobomoa kwanza na kujenga baadaye huishia kuomba choo kwa majirani, na hilo ni zito, hasa kwa wanawake na wazee.

Fedha isiyo na riba na karatasi isiyo na aibu

Katika ile akiba ya shilingi 2,800,000 tulitenga asilimia 15, yaani shilingi 420,000, tukaiita fedha ya lisilojulikana. Kazi tukaipanga kwa shilingi 2,380,000 zilizobaki. Ilipobidi tuguse ukuta wa nyuma, tulikuta bomba la zamani la chuma limeliwa na kutu. Kulibadilisha kulichukua shilingi 260,000. Kama tusingetenga, tungesimama njiani, na mtu aliyesimama njiani ndiye anayebishiwa hodi na mikopo.

Tunaisema hii kwa uchungu. Zipo nyumba zilizokarabatiwa kwa mikopo ile ambayo mitaani huitwa kausha damu, ambapo mtu hukopa kwa ajili ya marumaru na miezi michache baadaye vyombo vyake vinatolewa nje mbele ya watoto. Ipo pia mikopo ya simu inayopatikana kwa kubonyeza mara mbili. Riba haigeuki kuwa halali kwa sababu kiasi ni kidogo au kwa sababu kazi imefika kwenye linta. Ikiwa fedha haitoshi, punguza kazi, au igawe katika awamu mbili, kila awamu ikamilike na iweze kutumika peke yake. Ikiwa kuna ndugu mwenye uwezo, mwombe mkopo mwema, nawe uuandike.

Kuandika kuna heshima yake katika dini yetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat Al-Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Hata hivyo wengi wetu huona haya kumwambia fundi, "Tuandikishane," hasa akiwa ni mtu wa msikiti mmoja nasi. Twadhani karatasi ni alama ya kutoaminiana, kumbe ndiyo inayoulinda udugu kazi inapoharibika.

Safari hii tuliandika ukurasa mmoja wa daftari. Tulitaja kazi yenyewe na vipimo vyake, nani ananunua vifaa, kazi itaanza na kumalizika lini, ujira wote ni kiasi gani, na utalipwa kwa hatua zipi. Tuliongeza kwamba kazi ya ziada haitaanza kabla ya kukubaliana bei yake. Fundi akatia saini, nasi tukatia, na jirani wawili wakashuhudia. Vifaa tulinunua wenyewe, marumaru tukizidisha asilimia 10 kwa ajili ya zitakazokatwa na kuvunjika, na mabomba na nyaya tukiangalia alama ya TBS. Ujira tuliugawa mara nne: jamvi na ukuta, paa na lipu, mabomba na marumaru, na fungu la mwisho baada ya maji kupita wiki nzima bila kuvuja.

Lakini karatasi ina pande mbili. Fundi naye ana haki zake. Hadithi ya ujira na jasho la mfanyakazi sote tunaijua, na wengi wetu tunaisoma kwa wengine. Fungu linapofikia wakati wake lilipwe siku hiyo hiyo, bila "njoo kesho." Saidia fundi anayebeba zege juani apewe maji ya kunywa na nafasi ya kuswali. Wapo wenye nyumba wanaolalamika kwamba mafundi hukimbia kazi, ilhali wao wenyewe ndio waliowakimbia mafundi siku ya malipo.

Kilichobaki

Kazi ilichukua wiki tano badala ya tatu tulizozipanga, na haikutoka bila dosari. Fedha ilipungua, kwa hiyo marumaru za ukutani ziliishia futi 4 na juu yake pana lipu na rangi tu. Mlango unakwaruza kidogo sakafu upande mmoja. Dirisha la jikoni tulilibadilishia bawaba, waya wa pampu ukafungwa ndani ya bomba lake, na pale uani tuliongeza koki ya pili, basi foleni ya magharibi imepungua. Sebule iko vile vile ilivyokuwa. Dari ni ile ile ya mbao, yenye doa la maji linalofanana na ramani ya kisiwa.

Wageni wa Idd watakuja, na doa hilo wataliona. Tumekwisha kulizungumza nyumbani, na hata yule kijana aliyenuna kuliko wote sasa husema kwamba mwaka ujao, Mwenyezi Mungu akitujaalia, tutaanzia hapo. Jambo hilo limekuwa jepesi kwake tangu usiku ule bibi yake alipomwita baada ya isha na kumwambia amletee bilauri ya maji.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako mazungumzo ya ukarabati yamekwisha kuanza, usimpigie fundi leo. Kaa na watu wako kwanza. Anza na yule anayesema kidogo kuliko wote: mzee, mjamzito, mtoto, dada anayewasaidia kazi za nyumbani. Usimuulize anapenda rangi gani. Muulize ni jambo gani katika nyumba hii amelizoea ambalo hakupaswa kulizoea. Kisha chukua daftari.

Tunamwomba Allah (s.w.t.) azijaalie nyumba zetu kuwa makazi ya utulivu na stara, awahifadhi wazee wetu, na aturuzuku halali inayotosha. Wallahu a'alam. Tukutane wiki ijayo, insha Allah.